Mulombwa, wenge na paini kwenye meza moja: kwa nini ilipasuka mwezi wa tisa

Swali: "Fundi mkubwa, nina atelye ndogo Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa pili nilimtengenezea mteja meza ya kulia, mita 2 kwa mita 1, unene milimita 30. Mwili wake ni mulombwa, na ndani yake nimeingiza mistari minne ya wenge na paini, kila mmoja upana wa milimita 60. Vichwani, huku na huku, nilikingamisha ubao wa wenge kwa kole nyeupe (gundi ya mbao) na misumari. Siku ya kukabidhi ilikuwa safi. Mwezi wa tisa mteja akaniita: kichwa kimoja kimepasuka karibu sentimita 40, ukipitisha mkono juu unasikia ngazi kwenye kila mstari, na paini imekuwa ya waridi tangu siku ya verni. Wenzangu wanasema mbao za aina tofauti hazikai pamoja. Ni kweli? Mteja anataka nyingine, na mistari anaitaka."

Jibu: Wenzako wamekosea, ingawa naelewa walivyofika hapo. Meza yako ina magonjwa matatu, na kila moja lina mzizi wake. Ufa wa kichwani hauhusiani na aina za mbao hata kidogo; ungetumia mulombwa tupu, juu mpaka chini, ungepasuka vilevile. Ngazi kwenye mistari ndiyo inayotokana na aina tofauti, na ina dawa. Rangi ya waridi ni kazi ya msasa na kitambaa.

Tuanze na ufa, maana ndio uliokuvunjia heshima kwa mteja.

Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, mwaka hadi mwaka, hata ukiwa na verni. Ukiuacha muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, maji ndani yake husimama karibu asilimia 16 ya uzito wa ubao mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 45 hushuka hadi karibu 8. Wewe uligundisha mwezi wa pili, mvua ikiwa imejaa, mbao zimekaa atelye iliyo wazi. Mwezi wa tisa mvua ina miezi kama mitano haijanyesha na kila kitu kimekauka mpaka midomo ya watu. Ndani ya nyumba mabadiliko ni madogo kuliko nje, lakini kwa Lubumbashi hesabu pointi 6 za unyevu, tuseme kutoka 14 hadi 8, na hutakuwa umetia chumvi.

Ubao unapokauka husinyaa upana na unene. Kwa urefu haisogei kitu cha kupima. Sasa tazama ulichofanya vichwani. Meza ina upana wa mita 1, na kwa pointi hizo 6 inataka kusinyaa milimita kadhaa, saba hivi. Ubao wa wenge ulioukingamisha umelaza urefu wake juu ya upana wa meza, na urefu haupungui. Umeufunga kwa kole na misumari mwanzo hadi mwisho. Meza inataka kupungua, kichwa kinakataa, na mbao haina njia nyingine ila kuachana penye udhaifu. Huo ndio ufa wako. Unaanza kichwani na kuingia ndani, alama yake haifichiki.

Ubao wa kichwa unaweza kubaki kama mteja anaupenda, lakini ufungwe kwa njia inayouacha utembee. Chonga ulimi kwenye kichwa cha meza, unene milimita 10, kina milimita 25, na mfereji wa kuupokea ndani ya ubao wa wenge. Tia kole sentimita 10 za katikati tu. Pembeni weka visi (skrubu) vinavyopita kutoka chini, kimoja kila upande, sentimita 8 hivi kutoka ukingoni, kwenye matundu marefu: upana milimita 6, urefu milimita 14, urefu huo ukifuata mwelekeo ambao meza inasinyaa. Visikazwe mpaka kuuma mbao, viguse tu. Mfereji uwe na pumzi kidogo ili ulimi uteleze. Na umwambie mteja mapema: mwezi wa tisa ubao wa kichwa utachomoza milimita 2 au 3 kila upande, mwezi wa pili utarudi kulingana na meza au meza yenyewe itachomoza. Asiyeambiwa huita hilo kosa la fundi. Mimi ningemshawishi auache. Meza isiyo na kichwa cha kukingama haina kasoro, na kazi inapungua nusu siku.

Sheria hiyohiyo inafuata chini, kwenye fremu ya miguu. Usipigilie meza kwenye fremu. Ama tumia visi kwenye matundu marefu kila sentimita 30, ama vipande vya mbao vyenye ulimi mfupi vinavyoingia kwenye mfereji wa fremu na kufungwa kwa visi kwenye meza. Acha milimita 5 za kutembea kila upande.

Sasa ngazi. Hapa ndipo aina za mbao zinapoingia, na hapa ndipo mafundi wengi hufikiri vibaya. Hofu yao ni kwamba wenge ikisinyaa zaidi ya mulombwa, viungo vitafunguka. Lakini mbao zilizolazwa sambamba, nyuzi zote upande mmoja, hazivutani kwa upana: kila moja inapungua kwa kiasi chake na jirani yake anamfuata. Tofauti yao haitokei kwenye upana. Inatokea kwenye unene.

Fanya hesabu na mimi. Wenge, kutoka mbichi hadi kavu kabisa, husinyaa karibu asilimia 8 ukipima kufuata pete za mti, na karibu asilimia 5 ukipima kutoka moyo kwenda gome. Kusinyaa huko kote hutokea ndani ya pointi 30 hivi za mwisho za unyevu. Kwa hiyo kila pointi moja inaondoa asilimia 0.27 kwa upande wa kwanza na asilimia 0.17 kwa upande wa pili. Mulombwa, au mninga kama unavyoitwa Tanzania, ni mojawapo ya mbao zinazocheza kidogo kuliko nyingi za Afrika, na ndiyo sababu mafundi wanaupenda. Paini nayo hucheza zaidi ya mulombwa.

Chukua mstari wako wa wenge wa unene wa milimita 30 na uutazame kichwani. Kama pete zimesimama, yaani zinatoka juu kwenda chini, basi unene unapimwa kufuata pete: 30 mara 0.27 kwa mia mara pointi 6, unapata karibu milimita 0.5. Kama pete zimelala, sambamba na uso wa meza, unene unapimwa kutoka moyo kwenda gome: 30 mara 0.17 kwa mia mara 6, karibu milimita 0.3. Mulombwa wa jirani umeshuka chini ya hapo. Kidole kinasikia ngazi ya milimita 0.1. Ndiyo maana mteja aliisikia, na ndiyo maana ilikuwa kwenye kila mstari: ulilainisha meza yote kwa usawa mwezi wa pili, halafu kila mbao ikashuka kwa kiasi chake.

Kutokana na hesabu hiyo zinatoka dawa tatu, na unaweza kuzitumia zote pamoja.

Ya kwanza na kubwa ni unyevu wakati wa kugundisha. Usigundishe kwenye 14 meza itakayoishi kati ya 8 na 14. Gundisha kwenye 10 au 11, ili safari ya kupanda na ya kushuka zilingane na ngazi igawanyike pande mbili. Na kati ya aina moja na nyingine tofauti isizidi pointi 2. Hili la pili ndilo watu hupuuza. Paini inayovushwa kutoka Zambia mara nyingine inashushwa ikiwa bado mbichi katikati, mulombwa umekaa miaka kwenye banda, na wenge hukauka polepole sana: nje kavu, ndani bado. Ukiipasua wenge nene leo na kuigundisha kesho, inapinda usiku.

Kama huna kipimo cha pini mbili, mizani ndogo ya wauza dhahabu inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha, na mji huu hazikosekani. Ingia sentimita 30 kutoka mwisho wa ubao, kata kipande cha milimita 25 kukingama nyuzi. Kipime palepale kabla hewa haijakigusa. Kiweke kwenye tanuri la nyuzi 103, kitoe kila saa na kukipima, mpaka uzito usibadilike tena. Tuseme kilianza gramu 83.6 kikaishia 73.9. Toa: 9.7. Gawa kwa uzito mkavu, si kwa uzito wa mwanzo: 9.7 kwa 73.9 ni asilimia 13.1. Bado. Panga mbao ndani ya chumba, si kwenye banda, na vijiti vya milimita 20 kwa 20 kila sentimita 40, vijiti vyote kwenye mstari mmoja wima, na uzito juu. Chagua ubao mmoja wa kila aina uwe shahidi, uupime uzito kila Jumatatu na uandike kwa penseli juu yake. Ukiona wiki mbili mfululizo hausogei, umefika pale ambapo chumba chako kinaweza kuufikisha. Kama hapo ni 13 na nje kunanyesha, chumba hicho hakitakupa 11 kabla ya mvua kuisha. Tafuta chumba chenye dari na joto, jirani na jiko la mkate kwa mfano, au mwambie mteja asubiri.

Dawa ya pili ni namna ya kupasua mistari. Kwa mistari myembamba ya wenge, laza pete. Utapoteza ile michirizi iliyonyooka ambayo watu wanaipenda kwenye wenge ya pete zilizosimama, lakini ngazi inapungua karibu nusu. Huo ni uamuzi wa macho dhidi ya kidole. Kwa meza ya kulia mimi huchagua kidole, kwa mlango wa kabati ningechagua macho. Pasua mistari ikiwa na milimita 3 za ziada kila upande, iache wiki moja kwenye vijiti, ndipo uinyooshe kwa saizi yake.

Ya tatu ni kutofikisha mstari hadi chini. Chimba kwa mashine ya mfereji kina cha milimita 5 tu, upana wa milimita 6 au 10, na ulaze ndani yake kipande cha wenge. Unene wake sasa ni milimita 5. Kwa hesabu ileile husogea chini ya milimita 0.1. Huo mkono hausikii. Ukichimba kufuata nyuzi za mulombwa, gundisha upendavyo. Ukichimba kukingama nyuzi, usizidi upana wa milimita 3 na kina cha 3, la sivyo umerudi kwenye ugonjwa wa kichwani.

Kuhusu mchanganyiko wenyewe nina neno. Mistari minne ya milimita 60 ni mingi, na paini ya upana huo katikati ya meza ya kulia ni kosa hata kama haitapasuka: sahani moja ya udongo ikidondoka inaacha shimo, wakati wenge ya pembeni haina alama. Mbao moja itawale, zingine ziwe kitoweo. Kwa mita 1 ya upana ningepanga hivi: mulombwa milimita 248 (mbao mbili za 124), kisha bendi ya wenge 20, paini 12, wenge 20, kisha mulombwa 400 katikati (mbao tatu), bendi ya pili kama ya kwanza, na mulombwa 248 tena. Jumla 1,000. Paini imelindwa katikati ya wenge mbili ngumu, ni nyembamba kiasi kwamba ngumi ya mtoto haiifikii peke yake, na weupe wake unaonekana zaidi kuliko ukiwa na milimita 60, kwa sababu una weusi pande zote mbili. Bendi zikae mahali palepale kutoka kila ukingo.

Usishawishike kuchukua weupe wa mulombwa, ile sehemu ya nje chini ya gome, badala ya paini. Rangi inavutia, lakini wadudu wa unga huipenda, na utaona vumbi jeupe sakafuni kabla ya mwaka. Mupapa (Afzelia) nao uwe na hadhari: rangi ya manjano iliyo kwenye vitundu vyake hutoka ukiguswa na maji na kutia doa kitambaa cha meza. Na mtu akikuletea mukula, ndugu wa mulombwa, kwa bei ya kutupa, kumbuka kwamba mti huo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2019, na mulombwa ukaufuata mwaka 2022 pamoja na jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika. Mbao zilizopasuliwa zinazovuka mpaka wa Kasumbalesa bila cheti cha CITES ni mzigo wa kukamatwa, hata kama wewe ni mnunuzi wa mwisho tu.

Kugundisha sasa. Kole nyeupe ya kawaida inatosha kwa meza ya ndani, mradi uso uwe mpya. Wenge ina mafuta na utomvu ndani, na uso uliopigwa randa wiki iliyopita tayari umefunikwa nao. Kole inaukalia juu bila kuingia, na miezi sita baadaye kiungo kinaachana kikiwa safi, bila hata uzi mmoja wa mbao kung'oka. Ukiona kiungo kilichoachana kinang'aa hivyo, sababu ni uso, si kole. Piga randa siku hiyohiyo, bora ndani ya saa moja. Kisha futa ukingo wa wenge kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, geuza kitambaa mpaka kisitoe rangi ya kahawia, ngoja dakika 3 ikauke, upake kole. Paini yenye utomvu ifute vilevile. Mulombwa hauhitaji.

Kiasi: gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Ukingo wa mita 2 kwa milimita 30 ni mita za mraba 0.06, kwa hiyo gramu 9 hadi 12, chini kidogo ya kijiko cha mezani. Viungo vyako vitakuwa 12, jumla kama gramu 140, andaa 200. Ukibana, kole itoke kama shanga ndogo kwenye mstari mzima. Isipotoka mahali, pale hapana kole.

Vibanio ndipo atelye nyingi hubana matumizi vibaya. Mbao ngumu zinataka kama kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Ukingo wako una sentimita za mraba 600, maana yake tani 6. Kibanio cha chuma cha kawaida kinatoa kilo 500 ukikikaza kwa nguvu ya mkono. Gawanya: 12. Vinne ulivyozoea haviwezi, ila kole itakaa nene katikati na kiungo kitaonekana kama mstari mweupe. Habari njema ni kwamba nguvu hiyohiyo inapita kwenye viungo vyote kwa pamoja. Idadi ya vibanio inafuata urefu wa meza, haiongezeki kwa wingi wa mbao. Viweke kila sentimita 17 hivi, kimoja juu, kinachofuata chini, ili meza isijikunje. Kama unavyo sita tu, gundisha mbao fupi au upunguze unene, usijidanganye.

Na usigundishe viungo 12 kwa mkupuo. Bendi kwanza: wenge, paini, wenge, ziwekwe siku nzima, kisha zipigwe randa mpaka milimita 52 sawasawa. Siku ya pili mulombwa wa katikati peke yake na wa pembeni peke yake. Siku ya tatu unaunganisha vipande vitano, viungo vinne tu. Mwezi wa kumi, jua likiwa kali, kole inaanza kufunga ngozi kabla ya dakika 5. Viungo vinne unaviwahi, kumi na viwili hapana. Juni na Julai kinyume chake: asubuhi ya baridi, chini ya nyuzi 10, kole nyeupe inakauka kama chokaa na haina nguvu. Ngoja saa nne za asubuhi, mbao na chupa vyote vikiwa vimeota joto.

Baada ya kubana, saa 24 kabla ya kugusa uso, na siku 3 ni bora. Kole ina maji. Mbao karibu na kiungo huvimba. Ukisawazisha uso siku hiyohiyo unakata uvimbe, na ukikauka kiungo kinabaki mfereji mdogo unaoonekana kwenye mwanga wa pembeni.

Kusawazisha: randa, ukimega chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Mashine ya msasa yenye sponji chini usiiguse mpaka mwisho, maana sponji inazama kwenye paini na kuirukia wenge, na baada ya dakika kumi paini imekuwa bonde. Tumia msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao ngumu kilichonyooka, urefu sentimita 20, namba 80, kisha 120, kisha 180, kufuata nyuzi. Kwenye mulombwa nyuzi zake zinapopindana na kung'oka, acha randa uchukue kikwaruzo cha chuma kilichonolewa vizuri.

Vaa barakoa. Vumbi la wenge linawasha macho na kifua, na kibanzi chake mkononi huleta usaha haraka kuliko cha mbao nyingine. Kitoe siku hiyohiyo.

Kuhusu rangi ya waridi, ilitokea hivi. Vumbi jekundu la mulombwa na jeusi la wenge liliingia kwenye nyuzi laini za paini ulipopiga msasa. Halafu ulifuta kwa kitambaa chenye alkoholi au tina, ukikikokota kutoka mulombwa kwenda paini. Rangi ya jamii ya mulombwa huyeyuka kwenye alkoholi. Ni kama ulipaka. Safari hii maliza paini na sehemu zilizo jirani kwa kikwaruzo, si msasa, kwa sababu kikwaruzo hutoa maganda badala ya unga. Puliza kwa kompresa kutoka paini kwenda nje. Usifute kwa kitu chenye majimaji. Kisha chukua brashi ndogo na upake gomlaki (shelaki) nyembamba juu ya paini pekee, kufuata mstari wake, mara mbili, bila kuvuka mpaka. Nayo imeyeyushwa kwa alkoholi, kwa hiyo ikivuka itavuta rangi ya jirani. Ikikauka, verni ya kwanza ipulizwe kwa bunduki, nyepesi kama ukungu, mara mbili. Baada ya hapo paini imefungwa na unaweza kutumia hata brashi. Huna bunduki? Pangusa verni kwa kitambaa kidogo mstari kwa mstari, kipya kwa kila aina ya mbao.

Verni ipakwe chini ya meza mara sawa na juu. Meza yenye verni upande mmoja hupumua upande mmoja, na inapinda kama bakuli bila kujali umegundisha vizuri namna gani.

Mwonyeshe mteja kipande cha mfano kabla hujaanza. Kifunike nusu kwa katoni, kiweke kwenye jua wiki mbili. Wenge itapauka kuelekea kahawia, paini itageuka manjano, mulombwa utabadilika nao. Tofauti anayoilipia leo itapungua, na ni heri aione kwenye kipande cha sentimita 20.

Kuhusu ile iliyopasuka: usiujaze ufa sasa kwa kole na unga wa mbao. Mvua zikirudi, meza itavimba, ufa utataka kujifunga na kukuta umejazwa, na itapasuka kwingine. Ondoa vichwa vyote viwili, ng'oa misumari, iache meza ndani ya nyumba ya mteja mwezi mmoja. Ufa utapungua wenyewe ukishafunguliwa. Kisha pasua kwa msumeno kufuata ufa kutoka kichwa hadi kichwa, nyoosha kingo mbili kwa randa, futa na ugundishe upya. Utapoteza milimita 4 hivi za upana. Ngazi zisawazishe mwisho, si mwezi wa tisa wala wa pili, bali Mei, mbao zikiwa katikati ya safari yao.